Rupia Tatu za Kila Nyumba: Kodi na Askari katika Milima ya Usambara

Tarehe 1 Novemba 1897 Jenerali Eduard von Liebert, gavana wa Kijerumani aliyekuwa akikaa Dar es Salaam, alitoa amri ya kodi ya nyumba, na tangu Aprili ya mwaka uliofuata kila mwenye nyumba katika milima ya Usambara, awe tajiri ambaye migomba yake imelijaza bonde zima au mjane mwenye kibanda kimoja na mbuzi wawili, alipaswa kutoa rupia 3 kwa mwaka. Habari ya kodi ile imezoea kusimuliwa kama habari ya fedha au ya kazi za mashamba ya wazungu, na masimulizi hayo yana ukweli wake. Lakini mimi nataka kuisimulia kama habari ya askari, kwa sababu askari ndio waliotangulia kufika katika nchi hii, na kodi ikaja nyuma yao kama mwenye kutafuta posho yao.

Jambo hili la kodi na askari halikuanza kwetu. Uingereza, taifa ambalo baadaye lilikuja kuitawala milima hii hii, lilipata kulemewa na majeshi kwa namna ya ajabu. Mwaka 1640 jeshi la Waskoti liliingia kaskazini mwa Uingereza, likaketi Newcastle, na kwa mapatano yaliyofanywa Ripon mwezi wa Oktoba, Waingereza wakakubali kulipa paundi 850 kila siku ili jeshi hilo la kigeni lisipore watu, huku jeshi la mfalme wao, Charles wa Kwanza, likiwa nalo linadai mishahara yake. Mfalme hakuwa na fedha. Alikuwa amekwisha kujaribu kutoza watu bila ya ridhaa ya Bunge, akajipatia chuki tu. Basi mwaka 1641 Bunge likapitisha kodi ya kichwa, iliyompima kila mtu kwa cheo chake, na lengo lake likaandikwa waziwazi: kuyalipa majeshi yote mawili yavunjwe, kila mtu arudi kwao. Waskoti walilipwa, wakavuka mpaka mwezi wa Agosti. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilifuata muda si mrefu, mfalme akakatwa kichwa, jeshi likatawala nchi chini ya jemadari wake Cromwell, na mwaka 1660, mwanawe aliporudishwa katika kiti, Bunge likatoza tena kodi ya kichwa kwa sababu ile ile: mwenye cheo cha duku alitoa paundi 100, na mtu wa kawaida aliyepita miaka 16 alitoa pensi 6, ili jeshi la Cromwell, ambalo watu walikuwa wameliogopa kuliko walivyomwogopa mfalme yeyote, lilipwe malimbikizo yake na kutawanywa kikosi baada ya kikosi.

Sitaki msomaji adhani kwamba kodi zile zilikuwa za haki tupu. Bunge lile lilikuwa la matajiri wenye ardhi, na askari wengi walikuwa wamekwisha kuuza hati za madai yao kwa maofisa wao kwa bei ya kutupa kabla fedha hazijatoka. Lakini liko jambo moja la kushika: mlipaji alijua kodi inakwenda wapi, alijua ina mwisho, na alipoitoa askari waliondoka barabarani mwake. Kwa mizani hiyo ndiyo naipima kodi ya Usambara, ya wafalme wetu kwanza na ya wageni baadaye.

Ufalme wa Wakilindi waliotawala Usambara kutoka Vugha, tangu Mbegha mwanzilishi wao alipotoka Ungulu na kukaribishwa Vugha kwa sifa ya uwindaji na ya kumwua simba, ulisimama juu ya kodi ya chakula. Wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyeshika nchi kwa muda wa karibu nusu karne mpaka kufa kwake mwaka 1862, kodi hiyo ilifika Vugha kutoka kila upande wa milima: mbuzi na ng'ombe, mahindi, ndizi na asali, na kazi ya mikono katika mashamba ya mfalme. Wanawe walitawala katika wilaya, kila mmoja akila sehemu yake na kupeleka juu sehemu ya baba yake. Hata pwani, kati ya Vanga na Pangani, madiwani waliothibitishwa na Kimweri walimpelekea nguo, ingawa Seyyid Said wa Unguja naye alikuwa akidai mamlaka juu ya watu wale wale. Na bandari zikajifunza kuwatii mabwana wawili kwa wakati mmoja.

Chakula hicho kilirudi kwa watu kwa njia nyingi. Baraza la Vugha lilikuwa na wageni daima, mwenye kesi akila hapo mpaka kesi yake iishe; aliyekumbwa na njaa, au aliyedaiwa asiwe na cha kulipa, aliweza kukimbilia kwa mfalme na kuwa mtung'wa wake, akapoteza uhuru lakini akapata ulinzi na riziki. Juu ya yote hayo palikuwa na mvua. Washambaa, wenyeji wa Usambara, walimtambua mfalme kuwa ndiye mwenye uwezo wa kuileta au kuizuia, na mfalme mmoja mwenye nguvu, asiye na mshindani, alihesabiwa kuwa ni afya ya nchi, maana wafalme wawili wakishindana nguvu kwa nguvu, nchi huharibika na mvua hukatika. Mbuzi aliyepanda kilima kwenda Vugha alikuwa ni ushuru, na wakati huo huo alikuwa ni sadaka ya mvua. Aliyemswaga hakutenganisha mambo hayo mawili, na mimi sioni sababu ya kumtenganishia.

Askari je? Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepanda mpaka Vugha pamoja na mwenziwe Speke mwezi wa Februari 1857, akamkuta Kimweri mzee, mgonjwa, mwenye kutaka dawa kuliko kutaka mazungumzo, aliandika kwamba mfalme alikuwa na watu wa bunduki wapatao 400 ambao aliwaita Waingereza wake, nao walikuwa wametawanyika katika vijiji vya jirani. Hatuna haja ya kuudharau uwezo wao, wala hatuna haja ya kumfanya Kimweri malaika: Burton aliandika pia kwamba raia waliotiwa hatiani waliuzwa, na njia ya Pangani ilikuwa ikipitisha watumwa. Lakini watu wa bunduki waliokaa vijijini na kula cha vijijini walikuwa bado ni watu wa nchi, wenye wake na mashamba, na mfalme hakulazimika kutafuta fedha ya kigeni ili awalipe mwisho wa mwezi. Ziada ya shamba ilitosha kuwaweka.

Kilichovunja utaratibu huo kilikuwa bunduki za biashara na mtu mmoja aliyefahamu thamani yake kabla ya ndugu zake. Semboja, mwana wa Kimweri, aliacha baridi ya milimani akajenga Mazinde, chini kabisa, ukingoni mwa uwanda wa Mkomazi, mahali ambapo misafara ya kutoka Pangani kwenda Upare na Kilimanjaro ilikuwa lazima ipite. Vugha iliketi juu ikitazama migomba. Mazinde iliketi njiani ikitazama mizigo. Hapo Semboja alipokea hongo ya misafara, akanunua baruti na bunduki, akavaa kama watu wa pwani na kushirikiana nao, na Abdallah bin Hemedi, ambaye alikaa na Wakilindi na kuwatumikia kabla ya kuandika kitabu chake mashuhuri cha Habari za Wakilindi, ametuachia sura ya zama hizo kwa Kiswahili kizuri ambacho kila mwanafunzi wa historia yetu angepaswa kukisoma kabla ya kusoma vya Wazungu.

Kimweri alipokufa, kiti cha Vugha kilikwenda kwa mjukuu wake kijana, Shekulwavu. Semboja hakuridhika kutawaliwa na mtoto wa ndugu yake. Katika vita vilivyozuka, Semboja hakutegemea Washambaa peke yao. Alileta wapiganaji wa nje, hasa Wataita, nao hawakuja kwa ajili ya mvua ya Usambara wala kwa heshima ya kaburi la Mbegha. Walikuja kwa ujira, na ujira wao ulikuwa ng'ombe na mateka. Shekulwavu naye aliegemea Wabondei, ambao mwishoni mwa miaka ya 1860 waliinuka dhidi ya Wakilindi wote waliokuwa wakiwatawala, wakawafukuza katika nchi yao, katika vita ambavyo watu wa huko waliviita Kiva. Shekulwavu akafa, Semboja akamweka Vugha mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde na bunduki zake.

Hapa pana jambo zito, nami naomba nilikazie. Kodi ya kale ilikuwa na kiasi kilichowekwa na maumbile: mfalme hawezi kula ndizi zaidi ya zinavyoliwa, wala kuweka asali miaka kumi. Bunduki na baruti hazilipwi kwa ndizi. Mfanya biashara wa Pangani alitaka pembe au watu, na pembe zikiwa zimeadimika karibu, watu ndio waliobaki. Mpiganaji wa kukodiwa naye, akiwa hana shamba katika nchi anayoipigania, hachukui ahadi ya mavuno. Basi ikawa mtawala anayetaka kumlipa askari wake humwelekeza kijiji cha kupora, na kijiji hicho jana kilikuwa cha raia wake. Katika miaka ile, kati ya 1860 na 1890, watu wa Usambara waliuzana: mtu alikamatwa kwa deni la mjomba wake, mtoto alichukuliwa kisimani, vijiji vikajificha katika vilele na kuzungushiwa maboma ya miti. Waingereza wa 1641 waliwalipa Waskoti paundi 850 kwa siku ili wasipore. Semboja hakuwa na paundi, wala hakuwa na Bunge la kumpatia. Uporaji wenyewe ukawa ndio mshahara.

Wajerumani waliingia katika nchi iliyokwisha kuchoka kwa namna hiyo, na wao pia walikuja na askari wa kukodiwa. Kampuni ya Kijerumani ilikuwa imekodi ushuru wa forodha za pwani kutoka kwa Sultani wa Unguja mwaka 1888. Watu wa pwani wakaasi chini ya Bushiri bin Salim, na kampuni ikashindwa. Bunge la Berlin, mwezi wa Januari 1889, likatoa mark milioni 2, na Hermann Wissmann akaandika askari Wasudani huko Misri na wengine kutoka Msumbiji, akaja kuvunja uasi ule, na Bushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Sultani aliuza haki yake juu ya pwani kwa mark milioni 4. Fedha zikakopwa, na mkopo ukawekewa dhamana ya forodha: mark 600,000 kila mwaka zilipaswa kutoka katika ushuru huo kwenda kwa kampuni. Maana yake ni kwamba kila mzigo wa pembe na kila jora la nguo lililopita Tanga au Pangani lilikuwa likilipa deni la kununuliwa kwa nchi yenyewe.

Mwaka 1891 jeshi la Wissmann likawa jeshi la dola ya Kijerumani. Semboja, ambaye alikuwa mwerevu wa kupima nguvu, alifanya amani nao. Alikufa mwaka 1895, na mwaka huo huo mwanawe Mputa, aliyekuwa ameshika Vugha baada ya Kimweri Maguvu, alinyongwa na Wajerumani kwa kuua mtu katika jambo la mke wake, jambo ambalo kwa sheria ya Wakilindi mfalme hakuulizwa. Kinyashi, wa ukoo wa Shekulwavu, akawekwa mahali pake. Boma la wilaya likajengwa mahali palipoitwa Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari, ndipo Lushoto ya leo. Na amri zikaanza kushuka kutoka huko kwa mikono ya maakida na majumbe.

Katika hali hiyo rupia 3 ziliwakuta watu. Amri iliruhusu mwanzoni kulipa kwa mazao au kwa kazi, kwa sababu serikali yenyewe ilijua kwamba fedha hazikuwa zimeenea milimani. Aliyetaka kulipa taslimu alipaswa kuipata rupia yenye sura ya Kaisari amevaa kofia ya vita yenye tai, upande wa pili simba na mnazi. Au akusanye pesa za shaba, zile za kampuni zenye maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijra, 64 kwa rupia moja. Rupia 3 ni pesa 192. Mtu aliyeshuka sokoni Korogwe na mzigo wa tumbaku au kuku wawili hakurudi na pesa 192 kwa siku moja. Tena kodi ilikuja katika miaka mibaya mno: nzige walikuwa wamepita katikati ya miaka ya 1890, na ukame wa 1898 na 1899 ukaleta njaa kubwa katika nchi yote ya kaskazini mashariki, Usambara, Bonde na Uzigua. Zamani mwenye njaa alipanda kwenda Vugha kula chakula kilichotokana na kodi ya ndugu zake. Sasa kodi ilikuwa imegeuka sarafu, imeingia katika sanduku la boma.

Askari mmoja Mwafrika wa jeshi la Kijerumani alipata rupia 20 au zaidi kwa mwezi. Kwa mwaka ni rupia 240, yaani kodi ya nyumba 80. Mabonde mawili matatu ya Usambara, na moshi wa kila jiko ndani yake, yalikuwa sawa na askari mmoja na bunduki yake kwa miezi 12. Mwaka 1914 jeshi hilo lilikuwa na Waafrika wapatao 2,500, mbali na polisi, na mishahara yao kwa kiwango cha chini kabisa ingemeza kodi ya nyumba 200,000. Ni haki kusema kwamba kodi haikutosha, na kwamba Berlin iliendelea kutoa ruzuku kwa ajili ya jeshi. Ni haki pia kusema kwamba Liebert na wenziwe waliitaka kodi imsukume mtu kwenda kufanya kazi. Lakini hata hoja hiyo ya kazi inarudi kwa askari, maana ndio waliotumwa kuikusanya pale jumbe aliposhindwa. Askari aliidai kodi ambayo sehemu yake ingerudi mfukoni mwake, na mlipaji, tofauti na yule wa Uingereza wa 1660, alijua kwamba kadiri anavyolipa ndivyo askari atakavyozidi kukaa.

Mwaka 1905 serikali ya Gavana von Götzen ilikaza kamba, ikataka kodi ilipwe kwa fedha taslimu. Mwaka huo huo kusini kukawaka vita vya Maji Maji. Usambara haikuinuka. Watu wengine huona haya kwa jambo hilo, nami nadhani hawana sababu. Nchi iliyokwisha kupigana yenyewe kwa yenyewe miaka 30, ikaona mfalme wake akinyongwa na kisha ikapita katika njaa, ilichagua njia nyingine za kukwepa, na njia hizo ni nyingi kwa mtu anayeijua misitu ya milima yake.

Reli iliyotoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na walowezi wakapanda na magari yake. Mmoja wao alikuwa amekwisha kutangulia, naye alikuwa askari: Tom von Prince, aliyepigana na Mkwawa wa Uhehe, ambaye aliacha jeshi akachukua shamba Usambara, na jina lake la kivita, Sakarani, limebaki kwa shamba lile karibu na Soni hata leo. Wapiganaji wa Cromwell walilipwa wakarudi katika mashamba ya baba zao. Huyu alistaafu katika mashamba ya baba zetu. Na kwa kuwa shamba bila mikono ni pori, mwaka 1907 ukawekwa Wilhelmstal utaratibu wa kadi: kila mwanamume wa Usambara ya magharibi alipewa kadi, akatakiwa kufanya kazi siku 30 kwa mzungu katika kila miezi minne kwa ujira uliowekwa, na asiyejaza siku zake alichukuliwa kwenda kazi za serikali. Mwenye nyumba alilipa kwa rupia, kisha akalipa tena kwa siku zake.

Vita Kuu vilipokuja, von Prince alirudi jeshini, akauawa Tanga mwezi wa Novemba 1914. Milima ililisha jeshi la Kijerumani kwa nafaka na ng'ombe, na vijana wake wakachukuliwa kuwa wapagazi. Sarafu zilipoadimika, serikali ilichapa noti za karatasi hapa hapa nchini, na askari na wauza chakula wakalipwa kwa noti hizo. Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Wilhelmstal. Jina likafutwa, Lushoto ikawa Lushoto, na karatasi zile zikapoteza thamani mikononi mwa watu waliotoa mahindi halisi.

Askari wenyewe walipigana mpaka Novemba 1918, wakasalimisha silaha Abercorn wakiwa na hati za madai tu, kama wapiganaji wa Uingereza karibu karne tatu kabla yao. Walingoja mpaka katikati ya miaka ya 1920 ndipo Berlin, iliyokwisha kushindwa na kufilisika, ikawalipa waliopatikana. Nalisema hilo kwa heshima ya kweli: deni la askari lilikumbukwa. Lakini wapagazi waliokufa njiani, na mwanamke aliyetoa gunia la mahindi kwa noti isiyonunua kitu, hawakuandikwa katika daftari la mtu.

Waingereza hawakuiondoa kodi. Waliigeuza kuwa shilingi, na mwaka 1922 wakaitungia sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Na walipotaka kutawala kwa mkono wa wenyeji, katikati ya miaka ya 1920, wakamrudisha Kinyashi yule yule Vugha, mara hii awe mkusanyaji wa kodi ya serikali na mpokeaji wa sehemu yake kwa hazina ya wenyeji. Kodi ikapanda tena kilima kwenda kwa Mkilindi, lakini mvua haikuwamo tena katika mapatano hayo.

Taifa hili la Waingereza ndilo lililopata kumwua mfalme wake kwa sababu, pamoja na nyinginezo, alitoza watu fedha za vita bila ya kuwauliza. Waafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, lililokuwa likipitisha kodi, waliteuliwa mwaka 1945: Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Usambara haikuwa na mtu hapo. Ilikuwa imekwisha kulipa kwa miaka 47.